Sikio Lile Halikuwa la Kufa

Siku ile, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko jana. Uhuru ulikuwa bado mpya, nami bado msichana mdogo, na waasi walikuwa wameishika barabara ya Eringeti. Mdogo wangu Kambale alikuwa akitoka usaha masikioni tangu uchanga, mpaka akawa hasikii kitu. Tulipokwisha kupita barrière, kizuizi chao cha barabarani, askari wao mmoja akampigia kelele kwa nyuma: "Simama!" Kambale akaendelea kutembea na mzigo wake wa ndizi. Wakampiga risasi mgongoni.

Kwenye matanga mjomba wetu akatikisa kichwa. "Wazee walisema, sikio la kufa halisikii dawa."

Mama, ambaye sikuwahi kumwona akimjibu mwanamume mbele ya watu, akasimama. "Ile sikio haikukuwa ya kufa," akasema. "Hakuna mutu aliipatia dawa. Usiniletee methali juu ya kaburi ya mutoto wangu." Kisha akanigeukia. "Masika, wewe utasoma."

Nikasoma. Walisema msichana haendi Kinshasa kujifunza udaktari, nikaenda. Walisema masikio ya watoto ni ugonjwa mdogo, daktari wa kweli hupasua tumbo. Nikachagua masikio, pua na koo za watoto. Nikarudi kwetu Butembo, nikafungua chumba changu cha kazi mtaa wa Vulamba.

Miaka mingi baadaye, katika uasi mwingine, dereva mmoja Mwislamu wa Beni aliniletea binti yake. Punje ya haragi, yaani ya maharagwe, ilikuwa imeingia njia ya pumzi, na midomo ya mtoto imeanza kuwa ya bluu. Nilikuwa nimekwisha kushika bomba la taa la kutazamia koo, mara commandant mmoja, kamanda wa waasi, akaingia na watu wake, na askari aliyevunjika pua.

"Docteur, acha uyu mutoto. Anza na askari yangu."

"Hapana, commandant. Pua itangojea. Pumzi haingojei."

"Unajua naweza kukuua?"

"Najua. Lakini ungojee nimalize."

Baba wa mtoto alikuwa ukutani, akiomba Mungu kwa sauti ya chini. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge; nikainama, sikuitazama bunduki tena. Haragi ikatoka. Binti akavuta pumzi, akalia mpaka akasikika barabarani.

Nilipoinua kichwa, commandant alikuwa amekaa kwenye benchi ya wagonjwa, akingoja zamu. Ile pua niliitibu baadaye, vizuri, kama pua ya mtu yeyote. Walipoondoka wakachukua jenereta yangu. Kesho yake nikafanya kazi dirishani, kwa jua na kioo. Usidhani sikuogopa, mwanangu.

Basi nisikilize. Ukishika kazi ya kuponya, wa kwanza ni yule aliye karibu na kifo, hata mwenye nguvu akinguruma. Ukiambiwa unyamaze kwa sababu ndivyo dunia ilivyo, usinyamaze. Na usingoje woga uishe ndipo ufanye lililo haki, utazeeka ukingoja.

Mungu akupe mikono imara, mwanangu, na siku mikono hiyo itakapotetemeka, akupe moyo wa kutobanduka pale ulipo. Nenda, nimekubariki.