Papa aliniona nikirudisha nyama dukani

Admin, ufiche jina langu na muji ninaoishi, maana Wakongo wenzangu wa hapa wanafuata page hii. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, mutoto wa kwanza, nyumbani kwetu ni Nyamitaba, Masisi. Niko Amerika kwa masomo. Bursi inalipa université na chumba. Chakula, nguo na sabuni ni juu yangu, na visa ya mwanafunzi inaniruhusu kazi kidogo tu, tena ndani ya chuo.

Ninaenda dukani siku ya posho, Jumamosi, jioni, wakati mikate ya jana inabandikwa bei mupya. Koti la baridi nililipata kwenye mitumba ya kanisa, zipu yake imekufa, ninalifunga kwa pini. Unga wa muhogo uko kwenye duka la Waafrika, lakini ni mbali na ni ghali, basi ninakula wali na maharage. Sisi wa Masisi tumekua na jibini; hapa ninapita mbele yake bila kugeuza shingo. Sifi njaa, ila nimechoka kupiga hesabu kila ninaponyoosha mukono.

Mwezi uliopita papa alinipigia kwa video nikiwa dukani. Akaomba nimuonyeshe soko la Wazungu. Nikamuzungushia telefone, akacheka kuona viazi vimefungwa moja moja. Nilipofika kwa kulipa nikasahau kukata telefone. Bei ikapita pesa niliyokuwa nayo, nikamuomba mama wa kaunta aondoe nyama, kisha mayai. Watu walikuwa wamepanga mustari nyuma yangu. Papa aliona yote.

"Juu ya nini unarudisha ile nyama?" akauliza.

Nikamuambia bei yake iko juu. Network ikakatika, ao alikata yeye, sijui.

Juzi akapiga tena, sauti imechangamka. Ameuza ng'ombe. Tulikuwa nao wengi kabla vita haijatukimbiza mpaka kambi ya Kitshanga. Tuliporudi kijijini, papa alijikaza akapata huyo mumoja. Pesa ameiacha kwa mujomba, anangoja nimuambie namna ya kuituma. Nikaanza kusema siihitaji. Akanikatiza polepole.

"Niliona mutoto wangu anarudisha chakula mbele ya watu. Mimi niko na jembe, niko na majirani. Wewe uko na nani kule?"

Nikasema tu asante, papa, nitakuambia.

Baadaye mama akapiga akiwa peke yake shambani, anasema kwa sauti ya chini. Maziwa ya ule ng'ombe njo yalikuwa yanalipa minerval, ile pesa ya shule, ya wadogo zangu. Munuzi ni mutu wa Kitshanga, amekubali kumuacha ng'ombe kwetu mpaka siku ya soko, na pesa ikirudi mbele ya siku ile, ataipokea na ng'ombe atabaki wetu. Mama anataka nikatae, lakini papa asijue kama neno limetoka kwake.

Nikamuuliza papa yuko namna gani. Mama akaniambia kwamba tangu auze, papa anatembea akisalimia kila mutu, anawaambia yeye njo anamulisha mwanafunzi wa Amerika. Miaka yote ya kambini papa alikuwa wa kupokea tu, unga wa msaada, sabuni ya msaada, anapanga mustari na watoto wakimutazama. Sauti ile ya juzi sikuwa nimeisikia tangu niko mudogo.

Nikipokea, wadogo zangu watafukuzwa masomoni juu yangu. Nikikataa, ninajua mimi vile papa ataingia ndani ya nyumba na kukaa kimya. Nimejaribu kusoma kwa ajili ya mutihani, macho yanapita juu ya maneno.

Soko iko kesho kutwa, na papa atapiga kesho asubuhi. Nyinyi mulioshawahi kukataa mukono wa muzazi, ao kuupokea, munisaidie na mawazo. Nimuambie nini?