Ukuta wa Mbele

Brashi hakuwa mtu wa kuumia mwenzake akifanikiwa. Nusu ya mtaa ilikuwa imemzidi na alilala usingizi wake vizuri tu. Aliyemnyima raha alikuwa mtu mmoja, mwanyumba wake, yaani mume wa mdogo wa mkewe. Huyo alifanikiwa kwenye kazi ileile, mbele ya mama mkwe yuleyule.

Kazi yenyewe ni kuosha kuta za nje za nyumba. Brashi aliianza akiwa na ndoo ya kuazima, na jina la utani alilipata kwa fito ndefu aliyotembea nayo begani, brashi imefungwa nchani. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu. Ukuta wake wa kwanza aliusugua kwa brashi ya waya, rangi ikabanduka vipande vipande, na mwenye nyumba akamtimua hadi barabarani bila viatu. Tangu hapo akajiwekea masharti. Sabuni aijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Umeme wa nje uzimwe, taa na soketi zifungwe nailoni. Dawa ya klorini asiichanganye na dawa nyingine yoyote, maana harufu yake ikichanganyika inachoma kifua. Na sabuni ianzie chini kupanda juu. Kusuuza ndiko kunakotoka juu kushuka chini. Ukianza sabuni juu, maji machafu yanateremka kwenye ukuta mkavu yakiuchora michirizi, na michirizi hiyo ikikauka utaibembeleza hadi jioni.

Kwa masharti hayo alioa, akajenga, akasomesha. Na kila mvua zikiisha aliosha nyumba ya mama mkwe bure. Asidanganyike mtu kwamba ilikuwa huruma. Nyumba ile ilikaa njia panda, hakuna apitaye asiione, na mama mkwe alikuwa na mdomo. "Kaosha mkwe wangu huyo," angewaambia wapita njia bila kuulizwa, na haukupita muda mtu akamtafuta Brashi. Tangazo gani lingemfaa zaidi ya hilo?

Halafu mwanyumba akanunua mashine ya kuoshea kuta kwa maji ya presha.

Mwaka huo dada wa mama mkwe alikuwa anarudi kutoka ughaibuni baada ya miaka mingi, na nyumba ilitakiwa ing'ae. Mama mkwe akawaita wakwe zake wote wawili barazani.

"Baba," akamwambia Brashi, "wewe utachukua nyuma, kule jikoni kwenye masizi. Mbele atafanya mwenzio. Ana mashine."

"Sawa, Mama," Brashi akasema. Neno lilitoka kama jino.

Njiani mkewe akamtazama. "Mbona sura hiyo? Umelamba ndimu?"

"Nimechoka tu."

"Umechoka na kazi hujaianza? Mume wangu, ukuta ni ukuta."

"Ukuta wa nyuma unaonwa na kuku," Brashi akajibu.

Siku ya kazi mwanyumba alifika na ovaroli mpya, mkunjo wa dukani bado umo. Brashi alikuwa nyuma tayari, amevaa glavu na miwani, anapambana na masizi. Kila mashine iliponguruma, moyo wake ulinguruma nayo. Bomba la maji lilikuwa upande wa mbele, na kabla jua halijapanda alikuwa ameshakwenda kuchota maji mara nyingi kuliko ukuta ulivyohitaji.

Safari moja akaona jambo. Mwanyumba alikuwa anapuliza sabuni kuanzia juu. Povu la kijivu lilikuwa linateremka taratibu juu ya rangi ya maziwa, likiacha nyuma mistari kama ya punda milia. Ilikuwa kazi ya sentensi moja kumwambia. Brashi aliishika sentensi hiyo mdomoni, akaionja utamu wake, akaimeza. Akajaza ndoo, akarudi kwenye masizi akipiga mluzi.

"Leo una furaha, kaka!" mwanyumba akamwita.

"Kazi nzuri inafurahisha," Brashi akasema.

Aliporudi mara nyingine, mluzi ulikatika. Mwanyumba alikuwa ameegemeza ngazi kwenye mfereji wa paa, miguu ya ngazi iko juu ya vigae vya baraza vilivyojaa povu, na yeye yuko juu kabisa, bunduki ya kurushia maji ya mashine mkononi, anataka kufikia kona iliyo chini ya paa. Michirizi ni aibu, inapita. Hii ilikuwa habari nyingine. Maji ya presha yakitoka yanamsukuma aliyeyashika, na aliye juu ya ngazi hana pa kurudi nyuma.

"Shuka, bwana! Chukua fito yangu, uoshe ukiwa chini!"

"Fito?" Mwanyumba akacheka. "Kaka, wivu utakuzeesha. Nenda kaoshe jiko."

Akabonyeza. Bunduki ikampiga teke la kifua, ngazi ikateleza ubavu ikikwaruza mfereji wa paa, na bunduki ikadondoka chini. Brashi alishatupa ndoo. Aliidaka ngazi kwa bega, akakanyaga mguu wake wa chini kwa kiatu, ikasimama imepinda. Juu, mwanyumba amekumbatia bati.

"Iweke sawa nishuke!"

"Nitaiweka. Ila ukuta wa mbele naumaliza mimi."

"Nini? Sasa hivi ndiyo saa ya kupatana?"

"Mimi sina haraka. Miguu yangu iko chini."

"Wewe mtu una roho mbaya!"

"Mbaya, lakini ndiyo yenye bega hili. Nalo linaanza kufa ganzi."

"Chukua! Chukua ukuta, chukua na baraza! Nishushe!"

Brashi akaisimamisha ngazi, akamshusha pole pole, akizitaja hatua kama anayemfundisha mtoto kutembea. Hajamaliza kupangusa mikono, mama mkwe akaingia getini na kikapu. Akautazama ukuta. Kikapu kikashuka chini chenyewe.

"Haya madudu gani kwenye nyumba yangu?"

Brashi alivuta pumzi. Ilikuwa zamu yake. Lakini mwanyumba, midomo ingali myeupe, alimtangulia.

"Mama, nimepuliza sabuni tu. Nimefikiri nikaona si adabu nichukue mbele na kaka yupo. Yeye mkubwa. Nimemwachia amalizie."

Mama mkwe akashika kifua. "Ona mtoto huyu! Mwenye mashine, halafu anamwachia mwenzake!"

Brashi akafungua mdomo. Kusema kweli kulitaka aseme yote: ngazi, bega, na masharti aliyompa mwenzake akining'inia. Aligeuza maneno huku na huku, hakupata upande ambao yeye angetoka msafi. Akaufunga mdomo.

"Maji yapo, Mama," akasema. "Nitaanza kabla michirizi haijakauka."

Alilowesha ukuta upya kuanzia chini, akasugua. Ukuta ukaanza kutoka mweupe, mzuri kuliko mwaka wowote, na alilijua hilo. Nyuma yake jirani alisimama kwenye uzio.

"Nani kakuosheeni hivi? Inapendeza!"

"Wakwe zangu," mama mkwe akasema. "Huyu mkubwa ndiye anayesugua. Lakini mdogo ndiye mwenye moyo, dada yangu. Kaachia kazi yake kwa heshima tu."

Akatoa kiti, akamketisha mwanyumba barazani, akamletea chai. Mwanyumba alikishika kikombe kwa mikono miwili, maana bado ilikuwa inatetemeka, na mama mkwe akadhani ni unyenyekevu.

"Baba," akamwita Brashi, "angalia usimrushie mwenzio maji."

Brashi akaihamishia fito bega la pili, akageuka upande ule mwingine wa ukuta.