Redio ya Kuchomoa

Gari la mume wangu lilikuwa kuukuu, kijiji kizima cha Busunzu kililijua kwa kukohoa kwake, lakini redio yake ilikuwa na maringo. Ukibonyeza kitufe cha pembeni inachomoka yote, na spika yake na mkono wa kubebea. Ukiitia betri nne, inaendelea kuongea mezani. Wageni wakija, mume wangu aliichomoa na kuirudisha mara tatu bila kuombwa.

Tatizo lilikuwa Jumatano. Siku hiyo alipeleka maharage Kasulu, na jioni yake ndipo kilipokuwa kipindi cha Kirundi cha watu waliopotezana. Mimi na dada yangu tulipotezana porini tukikimbia Burundi, yapata miaka minne nyuma. Nilitaka redio ibaki nyumbani.

"Nikisinzia kwenye usukani je?" akasema. "Nitakusikilizia, Kirundi nakielewa. Dada yako akikutafuta, si nitasikia?"

Nikakubali, mjinga mimi. Kila Jumatano alirudi na jibu lilelile: "Bado, mke wangu." Moyoni nikaanza kumzika dada yangu. Sikumwambia mtu.

Jumatano moja gari likagoma kuwaka. Sijawahi kufurahia ubovu wa gari kama siku ile! Betri zilikuwa zimechoka, nikazianika juani kwenye ungo, kando ya dagaa, na jioni nikaichomoa redio nikaiweka jikoni. Mume wangu alikuwa uani, chini ya gari, miguu tu inaonekana.

Mtangazaji akasoma majina mengi ya watu. Kisha akasoma jina la dada yangu. Yuko kambi ya wakimbizi Kasulu, anamtafuta mdogo wake. Akalitaja na langu.

"Mama weee! Ni jewe!" nikapiga kelele, nikatoka mbio na mwiko mkononi. "Ni mimi huyo anayetafutwa! Dada yangu yu hai!"

Mume wangu akachomoza, grisi hadi puani. Akaniuliza jina la dada lililosomwa, nikamtajia. Akaiweka spana chini.

"Mbona hilo nimelisikia safari nne hizi? Nilijua ni la mtu mwingine."

Nilitaka kumpiga kwa ule mwiko. Halafu hasira ikaniishia, maana angejuaje? Nilibatizwa huku Tanzania, na yeye alinioa kwa jina la ubatizo. La utotoni nililiacha Burundi pamoja na vyombo. Na dada je? Mama alitulea hivyo, mkubwa hatajwi jina, kwa hiyo miaka yote ya ndoa nilisema "dada" basi. Nilimtuma mtu akanisikilizie majina ambayo sikuwahi kumpa.

Akaketi kwenye gogo, akafuta mikono kwa suruali.

"Haya," akasema taratibu, "niambie yote. Unaitwa nani?"

Nikamwambia langu, nikarudia na la dada. Akayarudia yote mawili mpaka akayaweza, kisha akachukua spana akarudi chini ya gari, lipate kutufikisha Kasulu.