Magoti Mawili ya Beki

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Murithi, ambayo nilikuwa beki wa timu mbili, na timu hizo zilikuwa zinacheza zenyewe kwa zenyewe. Cheka tu. Mimi mwenyewe imenichukua miaka mingi kuicheka.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza, Mzee Ramadhani, yule mwuza nyama wa Majengo, tumemzika Ijumaa, na tangu nitoke makaburini maneno yake hayaniachi. Ya pili ni wewe. Mama yako amenipigia simu kutoka huko Ubelgiji, akaniambia nchi mbili zinakutaka kwenye timu ya taifa, hiyo ulikozaliwa na hii ya mama yako, na ati umeziambia zote mbili ndiyo. Pasipoti mbili unazo, sheria inaruhusu. Lakini wote wanakungoja wiki ile ile moja, na ukishaingia uwanjani na wale, hawa wamekupoteza. Mimi, babu yako, shule niliiacha darasa la saba. Mambo ya pasipoti siyajui. Mambo ya ndiyo mbili nayajua sana.

Baba yangu alikuwa mkulima wa miraa hapa Laare, Meru. Mama yangu alitoka Embu. Nilikua mrefu, mgumu, na kichwa ambacho hata mpira ulikiogopa. Mwaka ule kulikuwa na mashindano ya kugombea fahali, timu zikitoka huku kwetu mpaka Embu. Mzee M'Thuranira, msimamizi wa timu ya Laare, akanitumia bunda la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba.

Wewe umekulia mbali, acha nikueleze. Huku kwetu bunda la namna hiyo si kitafunio. Ndilo linalopelekwa mtu akienda kuposa. Ukilifungua ukatafuna, umelikubali neno lililokuja nalo, na hakuna karatasi ya wakili inayolizidi nguvu. Nililifungua. Nikatafuna mpaka kijiti cha mwisho.

Wiki iliyofuata nikashuka Embu kumsalimia mjomba Njeru, kaka ya mama. Nikakuta mbuzi amechinjwa. Nilikuwa nimemaliza figo kabla sijauliza sherehe ni ya nani. Kumbe ni yangu! Timu ya Embu ilikosa beki, na msimamizi wake alikuwa mjomba. Na laana ya mjomba, mwanangu, kwetu haina dawa. Nikasema ndiyo, mdomo ukiwa bado umejaa.

Laare walicheza Jumamosi, Embu Jumapili. Huku nilijiandikisha kwa jina la baba, kule kwa jina la babu mzaa mama. Nilijiambia timu moja lazima itolewe mapema. Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro moja tu: nilikuwa beki mzuri. Jumamosi sikupitwa, Jumapili sikupitwa, mpaka nikajifikisha fainali, mimi kwa mimi. Wahenga husema mshika mbili moja humponyoka. Mimi sikuwa na bahati hiyo. Hakuna iliyoponyoka.

Fainali ikawekwa Meru mjini. Zikaja habari kwamba mtu wa klabu moja ya Nairobi, klabu inayowalipa wachezaji wake mshahara, atakuja kutafuta beki. Nilikuwa nimemwota mtu huyo tangu nikipiga mpira wa matambara. Refa alikuwa Ramadhani, ambaye siku hizo hakuwa mzee. Alikuwa na bucha karibu na msikiti, na kwa kuwa uwanja haukuwa na chumba cha wachezaji, watu walibadilishia nguo nyuma ya bucha yake.

Nikaamua kuumwa goti. Niliona kwamba upande mmoja ukinihurumia na kuniacha, nitapona ghafla nicheze na ule mwingine. Laare nikawaambia ni goti la kushoto. Embu waliniuliza nikiwa sijajiandaa, nikasema la kulia.

Lakini beki mzuri haachwi kwa sababu ya goti. Nilikuwa nimekaa juu ya gogo la kukatia nyama M'Thuranira alipoingia na mafuta ya kuchua. "Leta mguu," akasema, akaanza kukanda la kushoto. Hajafika mbali, mjomba Njeru akaingia na maji moto na kitambaa.

"Wewe mzee, mbona unakanda goti zima?"

"Zima? Si hili ndilo bovu! Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni mjomba wake. Na huyu ni beki wangu."

"Beki wako? Huyu ametafuna miraa yangu!"

"Na mbuzi wangu je? Alimtazama tu?"

Kila mmoja akashika mguu wake, akavuta. Unaijua ile methali ya njia mbili zilizomshinda fisi akapasuka msamba. Siku hiyo nilimhurumia fisi kwa mara ya kwanza maishani.

Ramadhani alikuwa pale pembeni akinoa kisu. "Ng'ombe mwenye magoti mawili mabovu," akasema polepole, "siwezi kumuuza hata kwa mbwa. Hebu mwachilieni." Kisha akanigeukia. "Kobia, goti lako ni lipi?"

Nikayafunika yote mawili kwa viganja.

"Babu yangu alitoka Sudan," akasema. "Nyanya yangu ni Mmeru. Mama watoto wangu ni Mkamba. Mungu hakukosea kutuchanganya, wewe na mimi. Lakini hawa wazee, kila mmoja umempa neno ambalo si lako tena kulitoa. Nenda ukawaambie watu. Filimbi sipulizi mpaka umalize."

Nikasimama katikati ya uwanja. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Nikasema nimekula miraa, nimekula mbuzi, na magoti yangu yote ni mazima. Halafu watu wakacheka mpaka mwuza mahindi akapindua jiko lake. Nikasema nitaichezea Laare, kwa kuwa miraa ilimtangulia mbuzi.

"Hatumtaki," akasema M'Thuranira.

"Hata sisi," akasema mjomba. Hilo ndilo neno la kwanza walilokubaliana.

Ramadhani akanipa kitambaa chekundu alichofutia visu, nikawa mshika kibendera. Mechi iliisha Embu sita, Laare tano, kwa maana timu zote mbili zilikuwa zimekosa beki yule yule. Na yule mtu wa Nairobi aliyekuja kutafuta beki akaondoka na mshambuliaji. Nilimtazama akiingia kwenye gari, mimi na kitambaa changu. Hakurudi tena. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Bado inauma kidogo, nikiwa juu ya mti wa miraa na redio inatangaza mpira.

Tangu siku hiyo, kila nikienda kununua nyama, Ramadhani aliniuliza kabla ya salamu, "Goti lipi leo?" Nami nilimjibu, "Yote mazima." Miaka yote hiyo. Ijumaa nilisimama nyuma ya watu, dua zao sizijui, nikamjibu hivyo hivyo moyoni.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuchagulii nchi. Ukienda na hao wa huko, nitakupigia makofi nikiwa hapa Laare, na majirani waseme watakavyo. Ukija na hawa wetu, nitapanda gari nije Nairobi kukuona. Damu zote mbili ni zako, usimwachie mtu akutie aibu kwa hata moja. Ila ndiyo ni moja. Wapigie leo, wewe mwenyewe, na uanze na wale utakaowakataa, maana hao ndio wagumu. Watakasirika. Mjomba Njeru alininunia misimu miwili ya mavuno, kisha akaniita, akanitemea mate kifuani, baraka za wazee, yakaisha. Mwenye kukataliwa kwa ukweli husamehe. Mimi nilisema kweli siku ya mechi, nikiwa nimechelewa, na kuchelewa kwangu ndiko kulikonikosesha gari la Nairobi. Wewe bado una siku.

Mama yako anasema tangu juzi goti lako limeanza kuuma. Nilipomuuliza ni lipi, alisita.

Murithi, goti lako ni lipi?

Ungekuwa karibu ningekutemea mate kifuani nami. Basi yapokee hivi hivi kwa karatasi: Mungu akulinde kama unavyolinda lango, akupe magoti mazima yote mawili, na mdomo wenye neno moja.