Marcelina Aliyemlilia Aliye Hai

Wifi yangu Marcelina hakukubali kulia msiba bila jina. Ukimwita kuongoza kilio, iwe Kitaji, iwe Bunda, kwanza alikaa na wafiwa akawauliza: marehemu aliitwa nani, alipenda chakula gani, alitembea vipi, nani alimkosea. Ndipo anasimama. "Kilio bila jina ni kelele," alisemaga. "Hata mbuzi anaweza." Akianza yeye, wanaume wenye mioyo migumu walitoka nje wakajifanya wanatafuta kuni.

Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Pastory, mvuvi. Mwaka wa themanini na nne, ile miaka tuliyofulia majivu kwa kukosa sabuni, nyuzi za nyavu nazo zilipotea madukani. Nyavu za Pastory zikawa matobo matupu. Akazitundika ukutani, akaenda Buhemba, kule mbele ya Butiama, kuchimba dhahabu. Mashimo ya huko yalifukiaga vijana. Marcelina akawa hali akashiba. Akikutana na mtu ametoka upande ule, alimtazama usoni kabla hata ya salamu.

Ndipo akaja mzungu, Mdenishi. Tulimwita Bwana Yensi: mrefu, ndevu nyekundu, viatu bila soksi. Kazi yake filamu. Mkalimani wake, Mwalimu Felisian, alituhadithia habari zake pale nyumbani kwetu, mtaa wa Bweri. Kwao alianza kwa kupiga picha machinjioni. Filamu yake ya kwanza watu walitoka kabla haijaisha. Ya pili wachungaji waliilaani kwenye mahubiri. Ya tatu magazeti yalimtukana.

"Na hayo anajivunia," Mwalimu alisema, "kama ninyi mnavyojivunia ng'ombe wa mahari."

Hakutaka taa, hakutaka poda usoni, hakutaka muziki. Kamera alibeba begani na kukimbia nayo, na picha ikitikisika aliiacha hivyo hivyo. Alisema mtu asiigize, awe. Na akiona huwi, alikuchokoza mpaka uwe. Siku ya kwanza alikipiga teke chungu cha mboga cha Marcelina, makusudi, aupate uso wake umekasirika. Aliupata, na mwiko wa bega akapata. Akacheka akilisugua bega, akasema hilohilo ndilo alilolitaka.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amekufa. Mwana huyo wakambunia jina, Stanislausi. Ujira wa Marcelina ungekuwa nyavu mpya za nailoni kutoka huko kwao Denmark. Aliposikia nyavu, wifi yangu hakuuliza kingine.

Akasimama, akamlilia Stanislausi. Bwana Yensi akaishusha kamera.

"Anasema ni uongo," Mwalimu akatafsiri.

"Mwambie ana masikio mazuri. Stanislausi mimi simjui. Hajala kwangu."

Kesho yake wakarudia. Uongo tena. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua dagaa, nikaona hawa wawili wamekutana, maana hakuna kati yao aliyeweza kuvumilia kilio cha kununua. Mdenishi akazungumza kwa sauti ndogo. Mwalimu Felisian akakataa kutafsiri. Wakabishana kizungu mpaka Mwalimu akatazama chini.

"Anauliza kama una mtoto. Anasema umlilie huyo. Nimemwambia kwetu aliye hai haliliwi. Anasema ndiyo sababu anataka."

"Wifi, usithubutu," nikasema. "Ukimlilia umemtoa kwa walio hai. Akirudi atapita wapi?"

"Atapita tunduni, kama walivyofanya wazee. Tutatoboa ukuta wa nyuma, aingie kama anazaliwa, tuchinje kondoo, yaishe. Lakini arudi, Dorotea! Akibaki Buhemba nitamlilia bila kamera."

Akavua kitambaa kichwani.

"Pastory! Mla vichwa vya samaki! Pastory unayetembea kama umesahau kitu nyuma! Nani atanifungia mlango?"

Majirani walitupa majembe, wakaja wanakimbia. Wanawake wakapokea kilio, maana jina walilijua. Bwana Yensi naye machozi yalimshuka, kamera inatetemeka begani. Alipomaliza alimwambia Marcelina "asante" kwa Kiswahili. Marcelina akafunga kitambaa chake.

Nyavu zilifika kweli. Marcelina akatuma ujumbe Buhemba, na Pastory akaja. Pale Mukendo, mjini, watu walimkimbia: "Wewe si uliliwa?" Alifika nyumbani ameshajua. Mama yake alisimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Mama, nipishe, nimechoka."

"Zunguka nyuma, mwanangu. Tundu liko tayari. Na kondoo yupo."

"Kwani mimi panya?"

"Wewe mtoto wangu. Nilikulilia."

"Ulinililia kwa nyavu."

"Nilikulilia urudi!"

Pastory akazitazama nyavu, zinang'aa, hazijaona maji. Hakuzigusa.

"Basi umeshalia," akasema. "Mtu wako amekufa."

Akaenda Bunda. Baadaye biashara ilipofunguliwa, malori ya barafu yakaanza kufuata sangara, akatajirika. Alituma sukari, alituma mablanketi. Mwenyewe hakukanyaga. Marcelina hakulia msiba wowote tena. Watu walikuja kumwita wakarudi bure. Tundu aliliacha wazi. Mvua iliingia, kuku waliingia. Nikileta udongo nizibe, ananishika mkono: "Sasa atapita wapi?"

Miaka ikapita, Hamduni akafungua chumba cha video Mukendo, na Mwalimu Felisian akaleta kaseti. Kumbe filamu ile ilipata tuzo Ulaya, na safari hiyo hakuna aliyetoka kabla ya mwisho. Tukakaa kwenye benchi. Marcelina akajiona, kijana kidogo, kichwa wazi, anamwita Pastory.

"Hamduni, izime, baba," akasema. Njiani akaninong'oneza: "Kumbe sijanyamaza. Kila wakiiwasha, mwanangu analiliwa."

Alikufa masika ya tisini na nne. Pastory alikuja na gari lake, amenenepa, amevaa koti la suti. Mlango ulikuwa wazi na waombolezaji wakampisha. Yeye akauangalia, akazunguka nyuma. Tukasikia udongo unaporomoka. Mabega yalikataa kupita, akavua koti, akalala kifudifudi, akaingia kwa tumbo mpaka miguuni pa mama yake.

Ndani palikuwa kimya, kwa sababu wa kutuongozea kilio ndiye alikuwa amelala pale. Pastory akainua kichwa, vumbi machoni, akamwita mama yake kwa jina. Alilia vibaya, kama mtu ambaye hajawahi. Lakini jina alilitaja, tukapokea.

Kondoo tulimchinja baada ya mazishi. Tundu nililiziba mimi mwenyewe. Kaseti ile aliyoleta Mwalimu, Hamduni aliichoma. Zile nyingine ziko kwao Bwana Yensi, na sijui nani anaziwasha.