Kichupa Kilichoitwa Dawa

Shamila wa Ipuli alikuwa msemaji mzuri, na siku ya harusi ya binamu yake alisema kupita kiasi. Wanawake walipomuuliza anafanya kazi gani kule maabara, alijibu kwa majivuno: "Tumeletewa kitu cha saratani kutoka ng'ambo. Kichupa kidogo tu, kinakaa kwenye friza ambayo baridi yake inaunguza vidole."

Bi Mwanajuma, mshona nguo wa jirani aliyemsomesha Shamila Kurani utotoni, aliyasikia hayo akipakua pilau. Titi lake lilikuwa na uvimbe, na alikwisha kuandikiwa kwenda Mwanza kutibiwa. Hakumwambia mtu. Akaahirisha safari, akangoja.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akatokea getini pa maabara, amevaa baibui lake la Idi.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimefuata ile dawa yenu, mwanangu."

Shamila alihisi uso unawaka. "Mama, ile si dawa. Ni kimeng'enya, mfano wa kile kilichomo kwenye seli zetu, kinachoziambia zikue. Kwenye saratani nyingine hakinyamazi. Hiki chetu kimetengenezwa kiwandani, tunakijaribu na magome ya miti tuone kama lipo la kukinyamazisha. Mtu hapewi."

Bi Mwanajuma alifikiri. "Kwa hiyo mlicholetewa ni ugonjwa wenyewe?"

"Ni kama kipande chake."

"Basi nilikusikia vibaya."

Hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa, angepata pa kujitetea. "Hukusikia vibaya, mama. Mimi nilitaka kusifiwa."

Kesho yake alimpeleka Mwanza kwa basi. Njia nzima hakuthubutu kumtazama. Bi Mwanajuma alimmenyea machungwa. Daktari alipapasa uvimbe, akakunja uso. "Mbona mmechelewa hivi?"

"Nilikuwa nalea wajukuu," Bi Mwanajuma akawahi kujibu. Wajukuu hakuwa nao.

Shamila alifungua kinywa aseme kweli, mkono wa mama yule ukamfinya paja. Akanyamaza, na kunyamaza kule kukamwelemea kuliko yale aliyoropoka harusini.

Titi likakatwa, dawa za mishipani zikafuata. Bi Mwanajuma yu hai, ila mkono mmoja umevimba na kushona kwa cherehani hawezi tena. Jioni Shamila huenda kumkanda. Majirani wakipita humsifu kwa utu wake, naye huinamisha kichwa, akaendelea kukanda.