Nasha, Akoth, Varsha

Usiniulize ulikuwa mwaka gani. Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, basi. Mahindi ya msaada, kutoka kwa watu tusiowajua, yalisagwa yakatoa ugali uliofanana na udongo wa kukandika nyumba, unanuka gunia. Unameza, haushuki. Sasa juzi nimekwenda Moshono kwa mjukuu wangu Baraka kumwona mtoto wake, namkuta mkewe anakoroga uji wa unga uleule! Kaununua supamaketi, ghali, eti una vitamini. Ile harufu ilinipiga puani nikakaa chini kabla hata ya kukaribishwa.

Siku hizo tulikaa Sokon, kukiwa bado ni migomba na vichochoro vya ng'ombe. Mlima Meru ulikuwa wazi kila asubuhi, hauna hata kipande cha wingu cha kujifunika, na Koko akiutazama kama mtu anavyomtazama mkwe asiyeleta ng'ombe. Koko ni bibi yangu mzaa baba. Ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita bibi. Mfereji unaoshuka kutoka mlimani ulikauka mpaka vyura wakahama. Mama alikuwa mjamzito, tumbo kubwa, miguu kama vijiti, na chakula chake kila kukicha ni kile cha njano.

Mvua ilipokuja ilitanguliza harufu. Vumbi lilinukia vizuri, nikatamani kulilamba. Kisha likaanza kulia bati la Mama Otieno, Mjaluo aliyepanga nyumba ya uani kwetu. Koko akatoka kichwa wazi, akasimama uani amefumbua kinywa, anaikinga mvua kwa ulimi. Humo ndani mama akapiga ukelele. Maji ya mfereji hayajaanza hata kusikika, mdogo wangu akawa amezaliwa. Koko akamleta mlangoni, tone moja likamdondokea kwenye paji la uso, akamwita Nasha. Kwa Kimaa, ni yule aliyekuja na mvua.

Masika yaleyale Mama Otieno naye akajifungua msichana, na mke wa Mhindi mwenye duka la barabarani akajifungua msichana.

Baadaye akaja baba mdogo kupanga ubatizo. Alikuwa mwinjilisti huko Babati, shati jeupe, vifungo mpaka kooni. Jikoni unapikwa wali, wali wa kwanza tangu ile njaa, nami nimejibanza mlangoni puani pote ni wali. Baba mdogo akasema Nasha ni jina la porini, haliingii kanisani.

Mama Otieno alikuwa mkekani ananyonyesha. "Kwani Nasha ni nini?"

"Ni mvua," mama akajibu.

"We! Na huyu wangu Akoth. Akoth si ndiyo mvua, shemeji?"

Mke wa Mhindi alikuwa amepita kutuletea sukari, mtoto kiunoni. Alicheka mpaka bangili zikalia. "Sasa mimi nasema nini? Yangu Varsha. Varsha pia mvua!"

Wakagongana viganja. Koko akamshika yule mama wa Kihindi kidevu, kama anavyomshika binti yake.

Baba mdogo hakucheka. Akakohoa. "Haya, tusigombane. Mvua ni neema ya Mungu. Aitwe Neema. Maana ni ileile."

Koko akaweka kibuyu chini. Kiswahili hakukipenda, alikisema kama anayetema mbegu. Siku hiyo akakisema ili kila mtu asikie:

"Mvua haikunyesha kwa jina hilo."

Wakabishana mpaka wali ukaungua. Mimi nililia, si kwa ajili ya jina, kwa ajili ya wali. Nikamwona Koko mkorofi tu. La Kijaluo kalichekea, la Kihindi kalishika kidevu, hili la Kiswahili limemkosea nini?

Baba mdogo alishinda. Mtoto akabatizwa Neema. Na shida ndiyo ikaanzia hapo, maana hadi leo mdogo wangu, mtu mwenye wajukuu, akiitwa Neema kliniki anakaa tuli kwenye benchi, watu wanampita, mpaka nipige kelele "Nasha!" ndipo anashtuka. Ananichosha, nakwambia. Akoth anashona nguo Elerai, na akinipigia simu hasalimii kwanza. Anauliza, "Mvua mwenzangu mzima?" Varsha alihama na mumewe, lakini naye ukimpata ni swali hilohilo.

Sasa huyu Baraka. Jua lilitukausha msimu huu mpaka mabomba yakawa yanatoa upepo, na siku mvua ilipopasuka ndiyo siku mkewe alijifungua. Nimempakata mtoto, nimefungua mdomo niseme Nasha, Baraka ananiwahi.

"Bibi, jina tumeshampa. Anaitwa Talia. Nimeliona kwenye simu, ni la Kiebrania, ni umande. Umande, mvua, si yote maji ya mbinguni? Maana ni ileile."

Maana ni ileile! Baba mdogo kafufuka, kavaa jinzi.

Hapo ndipo nilipomwelewa Koko, nikiwa na mvi kichwa kizima. Mama Otieno hakuokota Akoth popote. Bati lililolia lilikuwa lake. Mama wa Kihindi alikuwa na rafu tupu dukani, akiingoja mvua ileile tuliyoingoja. Kila mmoja aliiita kwa mdomo wake, mvua moja. Baba mdogo alikuwa Babati. Hakulowa.

"Wewe ulikuwa wapi siku hiyo?" nikamuuliza Baraka.

"Nje ya wodi, Bibi. Nililowa mpaka soksi, viatu nimetupa." Akacheka. "Lakini Bibi bwana, Nasha! Watamcheka shuleni."

Kumbe mvua imemlowesha mwenyewe, halafu jina kaenda kuliokota kwenye simu. Mkewe akaniletea uji wa njano kwenye kikombe kizuri. Nikausukuma pembeni, nikamfunika mtoto vizuri, nikamwambia baba yake:

"Mvua haikunyesha kwa jina hilo."